Kuikumbusha Serikali Ahadi Zake: Namna ya Kuitumia Tume ya Haki za Binadamu Ukiwa Dar es Salaam

Kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa kule Mbagala, mama mmoja alinisimulia habari ya binti yake. Msichana alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, akajifungua salama, mtoto akaanza kutambaa, naye akataka kurudi darasani. Shuleni aliambiwa asubiri. Akasubiri muhula mzima. Mama akaniuliza swali moja: "Hivi serikali si ilisema wanarudi?"

Ilisema. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi kwenye shule za kawaida. Miaka thelathini kabla ya tangazo hilo, tarehe 10 Juni 1991, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao unamhakikishia kila mtoto elimu. Tatizo la yule mama lilikuwa kwamba ahadi zote mbili hazikuwa zimefika kwenye geti la shule ya binti yake.

Chombo kilichowekwa kisheria kufuatilia ahadi za namna hiyo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wengi hapa Dar tunaijua kama mahali pa kumshtaki askari aliyekupiga au mwajiri aliyekudhulumu. Hilo ni kweli. Lakini ina kazi nyingine, ya kuiuliza serikali kama ilichokiahidi mbele ya mataifa imekitekeleza, na kazi hiyo hatuiombi kwa sababu hatuijui. Mwongozo huu ni wa kuiomba. Nimeuandika kwa ajili ya vikundi vya mitaani: wasaidizi wa kisheria, kamati za wazazi, vikoba vilivyochoka kuona jambo lilelile likijirudia. Nitaufuata mfano wa yule binti toka mwanzo hadi mwisho, ila njia ni ileile hata kama jambo lako ni maji, bomoabomoa au mahabusu.

Kwanza, ijue Tume

Tume imeanzishwa na Ibara ya 129 ya Katiba na kazi zake zimetajwa kwenye Ibara ya 130. Sheria yake ni Na. 7 ya 2001, Sura ya 391. Ilichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyokuwepo tangu 1966 kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka. Makao makuu yako Dodoma na ina ofisi Dar es Salaam, kwa hiyo huna haja ya kukata tiketi ya treni ili usikilizwe.

Ukisoma kitu kimoja tu kwenye sheria hiyo, soma kifungu cha 6. Humo Tume imepewa jukumu la kuhimiza nchi iridhie mikataba ya haki za binadamu, kuhimiza sheria zetu zilingane na mikataba hiyo, na kupima kama serikali na watu wengine wanaitekeleza. Kifungu hicho hicho kinaipa kazi ya kutembelea magereza na mahali wanapozuiliwa watu. Kichapishe na uende nacho. Nimewahi kukaa mbele ya ofisa wa ofisi moja ya umma aliyeniambia kwamba mambo ya mikataba ya kimataifa ni ya Wizara ya Mambo ya Nje. Nilimwonyesha karatasi, na mazungumzo yakaanza upya.

Tume za aina hii zipo katika nchi nyingi, na zinapimwa kwa kipimo kimoja kiitwacho Kanuni za Paris, kilichopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Desemba 1993. Kanuni zinadai tume iwe na msingi wa kisheria, mamlaka mapana, makamishna wanaotoka katika makundi mbalimbali ya jamii, fedha za kutosha, na uhuru dhidi ya serikali ambayo tume hiyo inaifuatilia. Muungano wa dunia wa tume hizi huzikagua kila baada ya miaka mitano. Inayotimiza yote hupewa daraja A, inayopungukiwa hupewa daraja B. Daraja lina faida za wazi: tume ya daraja A hupewa nafasi yake ya kuzungumza kwenye Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva.

Ujue pia mipaka yake, maana ukiikosea utapoteza miezi. Tume haichunguzi jambo ambalo tayari lipo mahakamani. Haichunguzi uhusiano wa serikali na nchi za nje au mashirika ya kimataifa. Na Ibara ya 130 inampa Rais nafasi ya kutoa maagizo kwa Tume pale anapoona maslahi ya taifa yanahitaji hivyo. Mimi naamini ibara hiyo inaipunguzia Tume uhuru ambao Kanuni za Paris zinautaka, na nitaendelea kusema hivyo. Jingine ni uteuzi wa makamishna: kuna kipindi, kabla ya uteuzi wa 2019, viti vyao vilikaa wazi kwa muda mrefu. Wachunguzi wapo, majalada yapo, lakini hakuna wa kutoa uamuzi. Ukisikia viti viko wazi, kudai vijazwe nako ni sehemu ya kazi hii.

Hatua ya 1: Itafute ahadi yenyewe

Usiende na maneno "haki zetu zimevunjwa." Nenda na ahadi yenye jina na tarehe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi wa Rangi mwaka 1972. Mikataba miwili mikubwa, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, ilijiunga nayo mwaka 1976. Mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ni wa 1985, na ule wa watu wenye ulemavu ni wa 2009. Kwa upande wa Afrika kuna Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, tuliouridhia mwaka 1984, na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, mwaka 2007.

Hapa wengi huteleza. Kusaini ni kuonyesha nia. Kuridhia ndiko kunakofunga. Kwetu kuridhia hupitia Bunge, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, na hata baada ya hapo mkataba hautumiki mahakamani moja kwa moja mpaka utungiwe sheria ya ndani. Kwa hiyo ukishaipata ahadi, itafutie ndugu yake wa hapa nyumbani: ibara ya Katiba, sheria, kanuni, au waraka. Kwa binti wa Mbagala tulikuwa na Mkataba wa Haki za Mtoto upande mmoja, na Sheria ya Mtoto ya 2009 pamoja na Waraka wa Elimu wa 2021, uliotokana na lile tangazo la waziri, upande mwingine. Ibara ya 9 ya Katiba nayo inaielekeza nchi kufuata kanuni za Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, na sentensi hiyo haikosekani kwenye barua zangu.

Ukikuta ahadi haipo kabisa, kama ilivyo kwa Mkataba Dhidi ya Mateso ambao Tanzania haijauridhia, ombi lako kwa Tume linabadilika. Unaiomba ihimize uridhiwe.

Hatua ya 2: Tafuta serikali iliulizwa nini mara ya mwisho

Kila mkataba una kamati yake, na serikali huipelekea taarifa kila baada ya miaka kadhaa. Kamati ikimaliza kuuliza maswali hutoa maoni hitimishi, yaani orodha ya inayotaka yarekebishwe. Kamati ya Haki za Mtoto iliipitia Tanzania mwaka 2015, ile ya wanawake mwaka 2016. Nyaraka hizi ziko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa.

Kuna pia mapitio ya nchi zote, yanayojulikana kwa herufi UPR, ambapo nchi huhojiwa na nchi wenzake kwa saa tatu na nusu. Tanzania imekaa kwenye kiti hicho mara tatu: Oktoba 2011, Mei 2016 na Novemba 2021. Kila pendekezo linalotolewa, serikali hujibu kama inalikubali au inalitambua tu. Kulitambua maana yake imelisikia, haijaahidi kulifanya. Chukua orodha, tenganisha mafungu mawili, weka alama kwenye yaliyokubaliwa. Pendekezo lililokubaliwa ni silaha nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna wa kusema ni shinikizo la wageni. Serikali yetu wenyewe ilitamka "tunakubali" na imeandikwa.

Kama Kiingereza cha nyaraka hizi kinawalemea wanakikundi, tafuteni kijana wa chuo awasomee kwa Kiswahili jioni mbili tatu. Semina za Jumatano pale TGNP, mtandao wa jinsia ulioko Mabibo, nazo ni mahali pazuri pa kukutana na watu waliokwisha kuzisoma.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi wa kata yako

Hapa ndipo kikundi kidogo kinapoishinda ofisi kubwa. Tume haina mtu kila mtaa. Wewe unaishi hapo.

Sisi tulianza na daftari la kaunta lenye safu tano: shule, lini mwanafunzi aliacha, kwa sababu gani, aliomba kurudi lini, alijibiwa nini na nani. Tulizunguka kata moja tu. Nashauri hivyo hivyo: kata moja iliyofanyiwa kazi sawasawa ina nguvu kuliko wilaya nzima ya kusikiasikia. Kila jambo liwe na siku, mahali na cheo cha aliyehusika. "Mwalimu mkuu alikataa" haitoshi. Andika alisema maneno gani, mbele ya nani.

Jina la mtoto lisionekane kwenye karatasi inayozunguka. Tumia namba, na orodha inayolinganisha namba na majina ikae kwa mtu mmoja, ndani ya kabati lenye kufuli. Mzazi asaini kuridhia, na binti mwenyewe aulizwe, maana mwili na maisha ni vyake. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu picha ya msichana ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla hata barua haijaandikwa, familia ikahama kwa aibu.

Kisha omba takwimu rasmi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mwandikie Mkurugenzi wa Manispaa, ukiuliza mambo mawili au matatu ya kuhesabika: wanafunzi wangapi wa kike waliacha shule kwa ujauzito mwaka fulani, wangapi walirudi, na waraka ulisambazwa shuleni tarehe ngapi. Hata ukijibiwa kwamba takwimu hizo hazipo, jibu hilo ni ushahidi: serikali haiwezi kutekeleza ahadi isiyoihesabu.

Hatua ya 4: Andika malalamiko yanayosomeka

Kupeleka malalamiko Tume ni bure. Unaweza kuandika au kwenda kueleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, wewe mwenyewe au kwa niaba ya mwingine. Mtu akikuomba hela ya "kufungua jalada", huyo hakutumwa na Tume.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa arobaini. Ofisa alituuliza kwa upole, "Sasa mnataka tufanye nini?" Tukatazamana. Hatukuwa tumeandika popote. Tangu siku hiyo barua zetu hazizidi kurasa tatu, viambatisho vikiwa nyuma, na mpangilio wake ni huu:

"Sisi ni kikundi cha wazazi wa Kata ya —. Tunalalamika kwamba wanafunzi 6 waliojifungua wamekataliwa kurudi shuleni kati ya mwezi — na mwezi —, kama inavyoonekana kwenye Kiambatisho A. Kukataliwa huko ni kinyume na Waraka wa Elimu wa 2021, Sheria ya Mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Tulimwandikia Mkuu wa Shule na Mkurugenzi wa Manispaa tarehe — (Viambatisho B na C) na hatukujibiwa. Tunaiomba Tume, kwa mamlaka yake chini ya kifungu cha 6, ichunguze, ipendekeze wanafunzi hawa wapokelewe mara moja, ipendekeze waraka upelekwe kwa maandishi katika shule zote za manispaa, na iyaweke matokeo kwenye taarifa yake ya mwaka na ya kimataifa."

Angalia mambo mawili. Malalamiko yanahusu kilichotendeka kwenye kata, mkataba ukiwa ni kipimo. Kwa hiyo hakuna wa kusema mnaichokonoa Tume kuhusu uhusiano wa nchi na mataifa. La pili ni lile ombi la mwisho. Ukiliacha, Tume inaweza kukutatulia kesi ya watoto sita na jambo likaishia hapo. Ukiliweka, watoto sita wanakuwa ushahidi wa nchi nzima.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Uliza namba ya jalada na jina la dawati linaloshughulikia.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Tume ina mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka, na mara nyingi huanza na usuluhishi. Usiudharau. Kwa mambo ya shule, mkutano mmoja mbele ya ofisa wa Tume unaweza kumaliza kilichokaa mwaka.

Ikifika kwenye uchunguzi, Tume hutoa taarifa yenye mapendekezo. Neno "mapendekezo" limewavunja moyo wengi, kana kwamba ni ushauri wa kando ya njia. Soma kifungu cha 28. Mamlaka iliyopewa mapendekezo inatakiwa kueleza ilichofanya ndani ya muda ambao Tume itautaja, usiozidi miezi mitatu. Isipofanya, Tume inaweza kwenda mahakamani.

Kesi ya kuikumbuka ni ya Nyamuma, wilayani Serengeti. Wanakijiji waliondolewa kwenye ardhi yao mwaka 2001 na nyumba zao zikachomwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliwapelekea malalamiko Tume, ambayo ilichunguza na kuona haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa. Jambo likapanda hadi Mahakama ya Rufani, iliyokubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani yatekelezwe. Ilichukua miaka, na wengine walizeeka wakisubiri. Lakini tangu hapo, ofisa yeyote akikuambia "hayo ni maoni tu ya Tume", unayo Nyamuma ya kumjibu.

Kwa hiyo siku unayopata taarifa ya Tume, weka alama kwenye kalenda: siku ya 30, barua ya kukumbusha kwa mlalamikiwa, siku ya 60, barua nyingine na nakala kwa Tume, siku ya 90, barua kwa Tume ukiuliza kama itafungua shauri. Ukinyamaza, jalada hulala.

Hatua ya 6: Lisafirishe jambo lako mpaka Geneva na Banjul

Huna haja ya kusafiri. Tume inaweza kupeleka taarifa yake kwa kamati za mikataba, tofauti na ya serikali, na kukutana na wajumbe wa kamati. Kwenye UPR, tume ya daraja A hutengewa sehemu yake katika muhtasari wa taarifa za wadau, na matokeo yanapopitishwa huzungumza mara tu baada ya serikali. Kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, serikali hutakiwa kupeleka taarifa kila baada ya miaka miwili, na tume za kitaifa nazo zina nafasi huko.

Unachofanya ni kumlisha msemaji. Tume inapoandaa taarifa hukutana na wadau. Andika mapema ukiomba kualikwa. Peleka ukurasa mmoja: ahadi ipi, nani aliikubali lini, kata yako inaonyesha nini, unataka nini. Sambamba na hilo, jiunge na taarifa kivuli ya asasi za kiraia, yaani ile wanayoiandika wao kando ya taarifa ya serikali. Kwenye UPR asasi moja ina nafasi ya maneno 2,815, asasi zikiungana 5,630, kwa hiyo hadithi ndefu haina pa kukaa. Taarifa hizi hufungwa miezi mingi kabla ya kikao chenyewe, na vikundi vingi huamka wakati milango imeshafungwa.

Kwa jambo la mabinti, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi mwaka 2022 kwamba kuwapima wasichana ujauzito kwa lazima na kuwafukuza shule kulivunja haki zao. Kwa hiyo sasa kuna waraka wa ndani na uamuzi wa nje vinavyosema lugha moja. Kinachopungua ni sheria, maana waraka unaweza kufutwa na waraka.

Bungeni

Taarifa ya mwaka ya Tume hupitia kwa Waziri na kuwekwa mezani Bungeni. Mpe mbunge wako ukurasa wako mmoja wiki chache kabla ya bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, naye aulize swali. Aulize pia fungu la Tume lenyewe: tume isiyo na mafuta ya gari haiwezi kufika Mbagala.

Ikikwama yote

Kuna mahakama zetu, kupitia Ibara ya 30 ya Katiba. Kwa wanawake kuna pia itifaki ya hiari ya ule mkataba wao, inayomruhusu mwanamke kulalamika kwenye kamati ya mkataba huo, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2006. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani kwa kufuata amri ya mila ya 1963, waliitumia. Mahakama Kuu iliona mila ile ni ya kibaguzi lakini haikuifuta, rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya kitaratibu, wakaenda kwenye kamati, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki. Bila kumaliza kwanza njia za hapa nyumbani wasingesikilizwa, ndiyo maana kila barua yenye mhuri uitunze.

Mahakama ya Afrika iko Arusha, karibu kabisa, lakini mlango wake umefungwa kwa mwananchi mmoja mmoja na asasi. Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu mnamo Novemba 2019, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Kuomba tamko lirudishwe ni jambo ambalo Tume inaweza kuishauri serikali, na barua ya kuliomba haihitaji kuwa ndefu. Yetu ina aya mbili.

Binti wa Mbagala yuko kidato cha tatu sasa. Mtoto analelewa na bibi yake mchana. Watano waliobaki kwenye daftari, wawili wamerudi, mmoja amechagua ufundi cherehani, na wawili bado wanasubiri. Barua ya siku ya 60 inaondoka Jumatatu.